Kabla ya Kupanda Basi Kwenda Mombasa Kununua Spea: Hotuba kwa Wenye Pikapu wa Malindi

Bwana mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu wa biashara ya samaki, na nyinyi vijana mliokuja na grisi bado mikononi, asalaam aleikum. Na msio wa salamu hiyo, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya difu, lile donge la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma ya gari. Jana usiku nilipomwambia mke wangu, aliniuliza, "Saa nzima juu ya kitu ambacho hata hakionekani?" Nikamjibu kuwa ndiyo maana nimekubali. Injini kila mwenye gari huifungulia boneti akaipigia hodi. Tairi huzipiga teke asubuhi. Difu imejificha chini huko nyuma, imevaa koti la matope na mafuta yaliyogandamana na mchanga, na mwenye gari huikumbuka siku inapoanza kulia njiani.

Pale nje chini ya mwarobaini mmeiona pikapu, Hilux ya zamani. Mwenyewe ameiazima kwa kikao hiki, Mungu amlipe. Mlipoingia mlipewa vikaratasi muandike resho ya difu yake mnavyodhania, yaani propela huzunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Nimepita nikachungulia. Wengi mmeandika 4.1. Wawili wameandika 4.8. Mmoja ameandika "nzuri". (Watu walicheka.) Huyo simlaumu, angalau hajadanganya namba. Mwisho tutatoka nje tuihesabu, tuone nani yuko karibu.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linaniwasha. Miaka mingi nyuma, nikiwa na kibanda changu cha mabati, ililetwa pikapu iliyokuwa ikibeba mawe ya kujengea. Ndani ya difu, pinieni, ile gia ndogo, ilikuwa imevunjika meno mawili, na krauni, ile gia kubwa, imechanika. Nikajiona fundi kamili: nikachukua logi buku, nikanakili modeli, mwaka na namba ya chasisi, nikapanda basi la alfajiri hadi Mombasa, kilomita kama 120. Dukani nikasoma karatasi yangu kama khatibu. Nikapewa krauni na pinieni mpya ndani ya boksi, nikalipa pesa ya mwenye gari, nikarudi. Usiku ule ule nikafungua. Krauni niliyonunua ilikuwa ndogo kuliko ya ndani, na matundu ya bolti hayakulingana hata moja. Kumbe kabla ya huyu bwana kuinunua ile pikapu, mtu alishaiwekea ekseli nzima kutoka gari jingine. Mwenye duka hakunidhulumu, alinipa nilichoomba. Logi buku nayo haikusema uongo, maana logi buku haijui kilichofanyika chini ya gari tangu lilipotoka kiwandani. Kosa lilikuwa langu. Nililipa nauli ya pili mfukoni mwangu, na yule mwenye mawe alikaa siku tano bila kazi.

Tangu siku hiyo sinunui spea ya difu mpaka niitambue difu yenyewe. Ndilo ninalotaka mwondoke nalo leo, mengine yote ni njia za kulifanya.

Niseme kidogo difu ni nini, kwa ajili ya mama zetu na wazee ambao si mafundi. Nguvu ya injini inakuja na propela, ile chuma ndefu inayozunguka chini ya gari. Mwisho wa propela kuna gia ndogo, pinieni. Hiyo inasukuma gia kubwa ya duara, krauni, na hapo mzunguko unageuzwa ubavu ili uende kwenye magurudumu. Kwa kuwa pinieni ina meno machache na krauni ina mengi, propela lazima izunguke mara kadhaa ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Hiyo idadi ya mara ndiyo resho. Pinieni ya meno 10 na krauni ya meno 41, resho ni 4.1. Pinieni ya meno 8 na krauni ya 39, ni 4.875.

Kazi ya pili ya difu ndiyo iliyoipa jina, differential, yaani ya kutofautisha. Mmewahi kuona watu wawili wamebeba boriti ndefu ya mkoko wakakata kona kwenye kichochoro? Wa ndani huchezesha miguu palepale, wa nje hukimbia. Ukiwafunga miguu pamoja wataanguka. Magurudumu ya nyuma ni hivyo hivyo kwenye kona, la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Ndani ya krauni kuna gia ndogondogo tunazoita spaida, zinazoruhusu gurudumu moja litangulie na jingine lisubiri. Mfaransa mmoja, Onésiphore Pecqueur, ndiye aliyeipatia hakimiliki difu ya namna hii kwa ajili ya gari la mvuke, mwaka 1827. Alikuwa fundi wa saa. Napenda kuwakumbusha vijana wangu hilo kila wanapopiga beringi kwa nyundo.

Haya, tuitambue.

Karatasi si adui, tuanze nayo. Toyota za zamani zina kibati cha chuma ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenga injini na dereva, au kwenye nguzo ya mlango. Mtasoma modeli, injini, chasisi, rangi, kisha kuna mstari ambao watu huuruka, umeandikwa TRANS/AXLE. Hapo, baada ya jina la giaboksi, mtaona kitu kama G292. Herufi ni ukubwa wa krauni: G ni ya inchi 8, F ni ya inchi 7.5. Tarakimu za katikati ni resho, ambayo mnaitafuta kwenye jedwali lao. Tarakimu ya mwisho ni idadi ya spaida, 2 au 4. Pikapu ya kubeba mzigo ukikuta ina spaida 4, shukuru.

Nissan wao waliandika wazi zaidi. Difu yao ikiitwa H190, krauni ina upana wa milimita 190. H233, ni milimita 233. C200, ni milimita 200. Na hata herufi ina maana: H ni difu inayotolewa kwa mbele, upande wa propela, C ni ile yenye kifuniko nyuma. Sijui kwa nini wengine wote hawakufanya hivyo.

Lakini hapa ni Malindi. Kibati hicho kinakaa miaka thelathini kwenye upepo wa chumvi, na kama gari limefanya kazi Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, msitegemee kusoma kitu. Nimeona vibati vilivyobaki na matundu ya misumari tu. Na wapiga rangi nao, samahani kama wapo hapa, hukifunika kwa rangi ya gari kikawa kama kigae. Ukibahatika kibati kipo lakini kimefifia, sugua taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usitumie brashi ya waya, halafu pitisha chaki juu yake na ufute kwa kiganja. Chaki itabaki kwenye mashimo ya herufi. Hata hivyo, mkikisoma kibati, mmesoma gari lilivyozaliwa. Tunataka lilivyo leo.

Kwa hiyo lala chini. Kabla hujalala, jeki si nguzo. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, na uegemeze ekseli juu ya stendi za chuma au gogo la mbao ngumu. Usiweke jiwe la matumbawe! Najua ndilo lililo karibu kila mahali mjini hapa, na linajenga nyumba ya ghorofa, lakini likipigwa na uzito wa chuma kwenye ncha moja hupasuka bila kuaga.

Ukiwa chini na tochi, swali la kwanza ni hili: difu hii inafunguliwa wapi? Ziko sura mbili. Ya kwanza, nyuma ya difu ni laini, kama tumbo la chungu, hakuna bolti hata moja, na ukienda upande wa propela ndipo unaona duara la nati. Hiyo ukiifungua, baada ya kuvuta hafshafti, zile fimbo za chuma zinazotoka difu kwenda kwenye magurudumu, pande zote mbili, difu nzima hutoka kwa mbele kama moyo wa nanasi, unaiweka juu ya meza ukaifanyia kazi ukiwa umesimama. Toyota Hilux za zamani ni hivyo, na Nissan za H ni hivyo. Ya pili ina kifuniko nyuma kilichofungwa kwa bolti kuzunguka. Ukitoa kifuniko unaona krauni palepale, lakini kazi yote unaifanya umelala chali mafuta yakikudondokea usoni.

Hapo tu, kwa kuangalia, mmeshakata nusu ya majina. Gari ambalo logi buku inasema ni Hilux ya mwaka fulani, nawe unaona kifuniko chenye bolti nyuma, basi kuna hadithi hapo, uliza.

Land Rover ndizo zinazonifurahisha kwa hili. Series III fupi, ya inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ina ekseli ya Rover yenyewe, nyuma laini, difu inatoka kwa mbele. Series III ndefu, ya inchi 109, nyuma ina Salisbury, kubwa, nzito, ina kifuniko nyuma chenye bolti 10. Zote mbili resho ni 4.7. Halafu zikaja Land Rover 110, nazo ni 3.54. Sasa difu ya 3.54 ya Range Rover za zamani huingia kwenye ekseli ya Rover ya Series bila shida, na wapo waliofanya hivyo ili gari likimbie. Kweli likakimbia, lakini likipakiwa mchanga linalia kama mtoto aliyenyimwa uji. Ukinunua Land Rover kuukuu hapa pwani, usiulize muuzaji resho. Atakuambia ile unayotaka kusikia.

Wapo wenye Peugeot 504 pikapu bado? Naona mikono mitatu, heshima zenu wazee. Hiyo msitafute propela, imefichwa ndani ya bomba linaloungana na ekseli, na nitawaambia njia yake baadaye. Babu yake, 404, ilikuwa ya ajabu zaidi: pinieni yake ni parafujo inayosukuma krauni ya shaba. Ukiifungua mara ya kwanza utadhani umefungua mashine ya kukamulia miwa.

Magari ya Marekani hapa kwetu ni machache, lakini kijana mmoja aliniuliza, basi kwa ufupi. Wenzetu kule hutambua difu kwa kuhesabu bolti za kifuniko. General Motors wana ya bolti 10, ya bolti 12, na ya bolti 14 kwa pikapu za mzigo mzito. Ford wana ile maarufu ya inchi 9, iliyoanza 1957 na kuishia miaka ya 1980, ambayo haina kifuniko, inatoka kwa mbele, na nati zake mbili za chini zimebanwa hivi kwamba soketi haiingii, lazima spana ya pete. Wao wenyewe huitambua kwa usumbufu huo. Dana 60 namba yake 60 imetupwa kwenye chuma. Tuendelee.

Angalieni katikati ya gurudumu. Kwenye Hilux ya kawaida mnaona kizibo au ncha tu, na uzito wa gari umekaa juu ya hafshafti yenyewe. Hafshafti ikikatika, gurudumu linaweza kuondoka nayo. Kwenye Land Rover za zamani, na kwenye malori, mnaona habu, kitovu cha gurudumu, iliyochomoza ikiwa na duara la bolti ndogo. Hapo hafshafti kazi yake ni kuzungusha tu, uzito umebebwa na habu. Unaweza kuichomoa gari likiwa limesimama kwa miguu yake minne. Mkiona habu ya namna hiyo nyuma ya pikapu ambayo haikuzaliwa nayo, ekseli hiyo ni ya kuletwa.

Na dalili nyingine za ekseli ya kuletwa ziko wazi kwa mwenye macho. Nati za gurudumu mbele ni 5, nyuma ni 6. Pale springi inapokaa juu ya ekseli kuna welding mpya, au ya zamani lakini mbaya. Kebo ya hendibreki imeungwa kwa waya wa kufungia kuku. Flenji ya propela imetobolewa matundu mapya pembeni ya yale ya kwanza. Tairi za nyuma zimejitokeza nje kuliko za mbele kama mtu aliyevaa suruali ya kaka yake. Simaanishi ekseli ya kuletwa ni mbaya. Mimi mwenyewe nimezifunga nyingi, na nyingine zimezidi za asili. Nasema tu ijulikane, ili ukienda dukani uagize ya difu hiyo.

Sasa tufike kwenye kuhesabu, hapa nitakaa kidogo.

Mmemaliza kutambua sura. Bado resho, kwa sababu difu mbili zinaweza kufanana kama mapacha, moja 4.1 na nyingine 4.875. Kwa mwendo ule ule wa barabarani, ya 4.875 inaizungusha injini karibu mara moja na moja ya tano ya ile nyingine. Mwenye kupanda na mawe kutoka machimboni huitaka hiyo. Mwenye kupeleka samaki Mombasa kila usiku ataichukia, itamnywea mafuta na kumpigia kelele hadi Kilifi. Kwa hiyo si jambo la mafundi peke yao.

Inua gurudumu moja tu la nyuma. La pili libaki chini, limekabwa kwa kabari lisisogee. Gia iwe nyutro, hendibreki imeshushwa. Chora alama ya chaki kwenye tairi lililoinuliwa na nyingine kwenye bodi inayolingana nayo. Chora alama kwenye propela. Mmoja azungushe tairi polepole, mwingine alale chini ahesabu propela.

Hapa ndipo wengi hukosea. Gurudumu moja likiwa limeshikwa na jingine linazunguka, spaida zinafanya kazi, na krauni inazunguka nusu tu ya gurudumu. Zungusha tairi mara moja, krauni imekwenda nusu. Kwa hiyo ukizungusha tairi mara mbili, ndipo krauni imemaliza duara moja, na idadi ya mizunguko ya propela ndiyo resho. Kijana akizungusha mara moja akahesabu mbili na kitu, hukimbia kuniambia resho ni mbili. Hakuna pikapu ya mzigo ya hivyo, mwanangu, rudi ukahesabu.

Na msizungushe mara mbili tu. Mkifanya hivyo mtaona propela imezunguka mara nne na ka-sehemu, na ka-sehemu hako hakawaambii kama ni 4.1 au 4.3. Zungusha tairi mara 20. Krauni imekwenda mara 10. Sasa propela ikizunguka mara 41, ni 4.1. Ikizunguka 43, ni 4.3. Ikiwa 45 na nusu hivi, hiyo ni 4.556, meno 41 kwa 9. Ikikaribia 49 lakini haijafika, ni 4.875. Tofauti iliyokuwa upana wa kidole imekuwa mizunguko mizima.

Mtaona namba hizi zina sura ya ajabu, 41 kwa 10, 39 kwa 8, 43 kwa 10. Kwa nini wasiweke 40 kwa 10, tupate 4 kamili? Kwa sababu wangefanya hivyo, jino moja la pinieni lingekutana na meno yale yale manne ya krauni maisha yake yote. Likiwa na kasoro, lingewala hao hao. Kwa 41 na 10, kila jino la pinieni hukutana na kila jino la krauni kwa zamu, na uchakavu unagawanyika. Ndiyo maana pia krauni na pinieni huuzwa pamoja. Zimesuguliwa pamoja kiwandani, zimezoeana. Ukichukua krauni ya huku na pinieni ya kule, hata kama meno yanalingana kwa hesabu, difu hiyo italia kutoka Malindi hadi Garsen.

Tairi likikataa kuzunguka kabisa wakati jingine liko chini, msilazimishe. Huenda difu hiyo ni ya kubana, ile isiyoachia gurudumu moja likizubaa kwenye matope. Au huenda mtu amechomelea spaida kwa welding ili gari lisikwame mchangani. Inua magurudumu yote mawili, zungusha moja. La pili likienda kinyume, difu ni ya kawaida. Likifuata upande ule ule, ni ya kubana au imechomelewa. Kuhesabu kwake ni rahisi zaidi, magurudumu yote yakienda mara 10, krauni imekwenda mara 10. Iliyochomelewa, mimi simfungii mtu. Kwenye lami inaguguna tairi kila kona, na siku moja hafshafti hukatika.

Na wale wazee wangu watatu wa 504: propela hamuioni, kwa hiyo tumieni injini. Toeni plagi ili injini iwe nyepesi, ingizeni gia ya nne, ambayo giaboksi inapitisha mzunguko moja kwa moja bila kuupunguza, kisha zungusheni tairi na kuhesabu puli ya mbele ya injini. Puli imekuwa propela yenu.

Kama difu tayari iko wazi mezani, msihangaike na chaki. Futa ukingo wa krauni, mara nyingi idadi ya meno imechongwa pale, kwa mfano 41 na 10. Ikiwa imefutika, hesabuni meno kwa kidole, mtu mzima hakosi kuhesabu hadi arobaini.

Naona mama pale nyuma amenyoosha mkono. Karibu, mama.

(Mama aliuliza: "Pikapu yangu hushusha na kupandisha boti ufuoni. Mafuta ya difu yamekuwa meupe kama chai ya maziwa. Hiyo ni difu gani?")

Hiyo, mama, ni difu iliyokunywa bahari. Watu wanacheka, lakini umeuliza kitu kikubwa. Difu ikitoka safari huwa ya moto, na hewa ndani yake imetanuka. Ukirudi kinyumenyume hadi magurudumu yaingie majini, chuma hupoa ghafla, hewa inasinyaa, na difu inavuta pumzi. Juu ya ekseli kuna kipumulio kidogo. Kikiwa kimeziba kwa matope, difu huvuta kupitia sili, na inachovuta ni maji ya chumvi. Mafuta yakichanganyika na maji ndiyo hiyo chai. Beringi zake hazitakaa miezi mingi. Mwaga mafuta yote leo, si wiki ijayo, safisha, jaza mapya, kisha toa kile kipumulio, weka mpira mwembamba wenye urefu wa kufika juu kwenye bodi, ili difu ipumulie pakavu. Na ukifika ufuoni, acha gari lipoe kwanza kabla ya kuingia majini. Kunywa kahawa.

Na hapo lipo la utambuzi pia. Ukienda kununua pikapu ya mkono wa pili katika mji huu, kabla ya kuzungumza bei, legeza kizibo cha kujazia difu, ingiza kidole. Legeza cha kujazia kwanza, si cha kumwagia, kwa sababu ukimwaga mafuta halafu kizibo cha kujazia kikakataa kufunguka, umekwama na gari la mwenzio. Kidole kitakuambia kama difu hiyo imekaa karibu na bahari.

Jambo la mwisho, la wenye gari za fobaifo, zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Mbele kuna difu, nyuma kuna difu, na hizo mbili lazima ziwe na resho moja. Ukiweka nyuma 4.1 na mbele imebaki 4.3, basi kila magurudumu yakizunguka mara 10, propela ya nyuma inataka 41 na ya mbele inataka 43. Zote zimefungwa kwenye giaboksi moja ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Nani ataachia? Mchangani, tairi zinateleza, hutasikia kitu, utasema fundi ni hodari. Siku utakayosahau fobaifo imeingia halafu ukapanda lami, chuma kitatafuta pa kuvunjikia. Kwa hiyo mkihesabu nyuma, hesabuni na mbele, kwa njia ile ile. Nimeikuta Hilux moja imevunja giaboksi ndogo mara tatu, kila mara fundi anabadilisha giaboksi. Hakuna aliyelala chini na chaki.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Haya, tutoke nje. Gurudumu la kushoto limeshainuliwa, la kulia lina kabari, nimeikagua mwenyewe. Wewe wa shati la buluu utazungusha tairi, polepole, mara 20, uzihesabu kwa sauti. Wewe mrefu utalala chini uhesabu propela, kimyakimya, usimsikilize yeye. Na yule aliyeandika "nzuri" aje ashike tochi.